Chupa ya chini ya kitanda: ukimuuguza mwenye mpira wa kifuani

Kijana mmoja wa kwetu Chundwa alinipigia simu saa nne kasoro usiku, yuko Mombasa wodini alikomsindikiza babake. "Masalkheri shangazi, niwie radhi kwa saa hizi," akaanza. Babake alikuwa ametiwa mpira ubavuni, na mpira wenyewe umeingia ndani ya chupa iliyowekwa chini ya kitanda. Maji yaliyomo ndani ya mpira yanapanda na kushuka. Jirani wa kitanda cha pili amemwambia kwamba yakisimama tu, basi mtu amekwisha. Na yeye tangu magharibi hajala wala hajainuka, amekaa kwenye sakafu anayakodolea macho.

Nikamtuliza, nikamwambia maji kupanda na kushuka ndivyo yanavyotakiwa, na si lazima kusimama kwake kuwe kifo. Kisha akanitajia jambo jingine kama la kupitia tu. Alasiri anayepiga deki alipofika, jamaa mmoja aliyekuja kutazama mgonjwa aliinyanyua chupa akaiweka kitandani, miguuni pa mzee, ili pasafishwe vizuri. Maji mekundu yakarudi nyuma mpirani. Baadaye wakairudisha chini.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Yule jamaa alitaka usafi, hakutaka shari. Hakuna aliyemweleza. Nami ni nesi, najua kwa nini hakuelezwa: wodi ina wagonjwa wengi na manesi wachache, na sisi tumezoea kusema "usiguse" kisha tukaenda zetu. Watu wetu kutoka Chundwa, Kizingitini, Faza au Siyu wakipata maradhi makubwa ya kifua huishia Lamu au Mombasa, na anayekaa na mgonjwa mchana na usiku ni nduguye. Basi naandika kwa ajili ya huyo ndugu.

Kwanza ijulikane mpira huu unafanya nini. Pafu halina misuli ya kujipanua lenyewe. Limezungukwa na tando mbili nyembamba, moja imeshikamana na pafu, ya pili imeshikamana na mbavu kwa ndani, na baina yao mna uteute kidogo sana. Chukua vipande viwili vya kioo, tia tone la maji kati yake: vitateleza upande huu na upande huu, lakini kuvibandua ni kazi. Ndivyo tando hizi zilivyo. Kifua kikipanuka, pafu linafuata. Sasa pakiingia kitu kati yake, hewa, damu, maji au usaha, ule mshikamano unakatika na pafu linanywea. Mtu anahema kama aliyekimbia, na huku amelala.

Kwa watu wa bahari ni rahisi kuelewa. Chombo kikiingiza maji ngamani hukiambii kiende mbio, kwanza unafua maji. Mpira wa kifuani ni wa kufua maji, au kutoa upepo, ili pafu lipate nafasi yake.

Wanaohitaji mpira huu kwetu ni wa namna nyingi. Kuna mkwezi aliyeanguka mnazi akavunjika mbavu, na ubavu uliovunjika ukachoma pafu. Kuna ajali za bodaboda. Kuna aliyechomwa kisu. Kuna mtoto aliyepata nimonia, kile wazee wanachokiita kichomi, ikaacha usaha kifuani. Kuna kifua kikuu, ambacho kinaweza kujaza maji upande mmoja na pia kinaweza kutoboa pafu. Kuna saratani. Wapo pia vijana warefu wembamba, hasa wavutaji sigara, ambao pafu hupasuka bila sababu ya kuonekana. Na wapo wazamiaji wanaotumia mitungi ya hewa kutafuta majongoo ya bahari: akiibuka kwa haraka huku amezuia pumzi, hewa iliyomo mapafuni inavimba na kuyapasua.

Daktari humtia mgonjwa ganzi, akapasua kidogo chini ya kwapa, mara nyingi baina ya ubavu wa nne na wa tano au wa tano na wa sita, akapitisha mpira mpaka ndani ya ile nafasi. Hauingii ndani ya pafu, na hili niliseme maana wengi hudhani hivyo. Kisha unashonwa na ngozi kwa uzi, unafunikwa kwa shashi na plasta, na ncha ya pili inaingia chupani.

Chupa ndiyo kiini cha mambo. Ndani yake mna maji safi yaliyouliwa vijidudu, na mrija mrefu umezama kiasi cha sentimita 2 chini ya uso wa maji. Mtoto akiweka mrija kwenye glasi ya maji akapuliza, mapovu yanatoka. Akivuta, hapati hewa, anapata maji. Maji yale ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: upepo wa kifuani hutoka, wa nje haurudi. Juu ya chupa pana tundu jingine au kimrija kifupi kilicho wazi. Hicho ni cha kutolea upepo. Nimeshaona mtu amekiziba kwa pamba akidhani nesi amesahau kifuniko. Kikizibwa, upepo unaotoka kifuani hauna pa kwenda.

Fikra hii ni ya zamani. Daktari Mjerumani wa Hamburg, Gotthard Bülau, ndiye anayetajwa sana kwa kuanza kuitumia kutoa usaha wa kifuani, miaka ya 1870. Kabla ya hapo, na hata baada yake, madaktari wengi walikuwa wakikata kifua na kukiacha wazi. Ilipokuja homa kuu ya 1918, askari wa Marekani makambini walijaa usaha vifuani, wakapasuliwa mapema namna hiyo, na wengi wakafa, kwa sababu kifua kikiachwa wazi pafu linaanguka. Tume ya jeshi lao, aliyokuwamo mpasuaji Evarts Graham, ikashauri wasubiri kupasua, na usaha utolewe kwa mpira uliofungika usioruhusu hewa kuingia. Vifo vikapungua mno. Tangu wakati huo mashine za kila aina zimebuniwa, lakini ile chupa yenye maji ukiiona leo katika wodi ya Pwani bado ni ile ile ya Bülau.

Kwa nini iwe chini? Kwa sababu mbili. Mgonjwa anapovuta pumzi, kifua kinayavuta maji ya chupani kuja juu ndani ya mrija. Chupa ikiwa chini ya kifua kwa kiasi cha mita moja hivi, pumzi haina nguvu za kuyafikisha. Sababu ya pili haihitaji elimu: maji huteremka. Ukiiweka chupa sawa na kifua au juu yake, kile kilichotolewa, damu au usaha pamoja na maji ya chupa, kinarudi ndani na vijidudu vyake. Kwa hiyo anayepiga deki azungushe fagio. Ikibidi chupa ihamishwe, isogezwe ikiwa sakafuni, imesimama wima. Ikilala, ncha ya mrija inatoka majini na ule mlango umefunguka.

Sasa uangalie nini, wewe uliyekaa hapo? Nasema uangalie. Mikono iache kwa manesi, lakini macho yako yana thamani kuliko unavyojua, kwa sababu nesi anapita kila baada ya saa kadhaa na wewe upo daima.

Angalia mchezo wa maji mrijani. Mgonjwa akivuta pumzi yanapanda, akitoa yanashuka. Akikohoa yanaruka. Maana yake njia iko wazi. Mchezo ukisimama, kuna mambo mawili: ama pafu limejaa tena na kuziba ile nafasi, na hiyo ni habari njema, ama mpira umeziba au umekunjika. Kutofautisha ni kazi ya nesi na picha ya eksirei, lakini wewe unaweza kutazama kama mgonjwa ameulalia, kama umebanwa na chuma cha kitanda, au kama mgeni ameukalia. Wageni wetu hukaa kitandani, ndiyo mila yetu ya kumliwaza mgonjwa. Hapa waletee kiti au wasimame.

Mpira usining'inie ukafanya tumbo chini ya ukingo wa kitanda pia. Maji hukaa katika lile tumbo na kuzuia njia. Tuliokuwa tukifundishwa kuukamua mpira kwa vidole kila mara, leo hatushauriwi tena kufanya hivyo kama mazoea, kwa sababu ule ukamuaji unavuta kwa nguvu kubwa na unaweza kuumiza pafu. Basi wewe usiukamue hata ukiona tonge la damu. Mwite nesi.

Angalia mapovu. Kama mgonjwa alikuwa na upepo kifuani, mapovu yatatoka mwanzoni, hasa akikohoa, kisha yatapungua siku hadi siku. Mapovu mengi yasiyokatika, yanayochemka kama sufuria mekoni, yaweza kuwa pafu bado linavuja sana, au yaweza kuwa kiungo cha mpira kimelegea na kinaingiza hewa ya nje. Yote mawili ni ya kusemwa. Na kama mapovu yalikuwepo yakakatika ghafla, huku mgonjwa anazidi kuhema, hilo si la kungoja zamu ibadilike.

Angalia kinachotoka. Nesi hubandika kipande cha plasta chupani na kuandika saa na kiwango. Asipofanya, mwombe kwa adabu afanye, si kosa kuomba. Usaha ni mzito na una harufu. Maji ya kifua kikuu mara nyingi ni ya manjano. Damu inayopungua na kugeuka rangi ya maji ya ukwaju inakwenda njia nzuri. Damu mbichi inayoongezeka haiendi njia nzuri. Kwa mtu mzima, damu ikizidi mililita 200 kwa saa, na ikaendelea hivyo saa baada ya saa, au ikitoka lita moja na nusu kwa mara moja mpira unapotiwa, daktari huanza kufikiria chumba cha upasuaji. Kwa mtoto ni kidogo kuliko hivyo. Sikutaji vipimo hivi ili ubishane na mtu, bali ujue kwamba chupa iliyojaa upesi ina maana.

Kuna jambo linalowachanganya watu. Mwenye maji mengi kifuani, lita mbili tatu zilizokaa wiki nyingi, hayatolewi yote kwa pigo moja. Yakifika lita moja au moja na nusu, nesi anaweza kuufunga mpira kwa muda kwa amri ya daktari. Pafu lililokunjana kwa muda mrefu likipanuka ghafla linaweza lenyewe kujaa maji. Mgonjwa akianza kukohoa sana na kubanwa kifua wakati maji yanatoka, sema mara moja.

Lakini kufunga huko ni kwa sababu maalumu. Mgonjwa ambaye chupa yake inatoa mapovu, mpira wake haufungwi. Hapa nieleze kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nesi kijana, katika kituo kimoja nisichokitaja, kwenye mojawapo ya visiwa vya pwani yetu. Tulikuwa na mgonjwa aliyeumia kifua, ametiwa mpira, upepo unatoka, na alihitaji kupelekwa hospitali kubwa. Nikapewa mimi kumsindikiza kwa mashua. Msimu ulikuwa wa kusi na bahari imechafuka. Nilivyofunzwa, na vitabu vya zamani vilisema hivyo, ni kwamba mgonjwa akisafirishwa mpira ubanwe kwa koleo ili chupa isimwagike ikamwingiza hewa. Nikaubana. Nikajiona nimefanya kazi safi.

Tulikuwa tumeacha gati kwa kiasi cha nusu saa. Mgonjwa akaanza kukosa raha, akataka kukaa, akataka kulala, akataka kukaa tena. Nilidhani ni kichefuchefu cha bahari. Kisha nikaona mishipa ya shingo imesimama, midomo imebadilika rangi, na upande mmoja wa kifua haucheki kabisa na pumzi. Mkewe ananiangalia mimi. Upepo ulikuwa bado unavuja pafuni, mlango nimeufunga, na kila pumzi inaongeza shinikizo ndani mpaka moyo wenyewe unasukumwa upande. Nikazifungua koleo. Chupa ikapiga mapovu kama imetikiswa, muda mrefu, kisha yakatulia. Baada ya dakika chache akaomba maji ya kunywa.

Alipona. Lakini tangu siku ile sijawahi kusikia mtu akisema "tuufunge tu, tunasafiri" nikanyamaza.

Na kwetu kusafiri ndio mtihani wenyewe. Mtu wa Mpeketoni atapandishwa gari, akafika. Mtu wa Chundwa kuna bodaboda au gari mpaka Faza au Mtangawanda, kuna bahari, kuna mkanda wenye kungojea maji yajae, kisha ndio Lamu. Na huenda pakawa bado kuna Mokowe na zaidi ya kilomita 300 za barabara mpaka Mombasa. Basi ikitokea mgonjwa anasafirishwa na mpira, adaiwe nesi wa kumsindikiza, na jamaa nao wajue haya.

Botini mgonjwa akae juu ya ubao, ameegemea, asilazwe chini sakafuni. Akilala sakafuni chupa haina pa kwenda chini yake. Chupa itiwe ndani ya ndoo iliyojazwa nguo pembeni isitikisike, ndoo iwekwe chini karibu na miguu yake, na mtu mmoja awe kazi yake ni hiyo ndoo, hashiki simu wala hafungi kamba. Pahali pa hatari kuliko bahari yenyewe ni gatini maji yakiwa yametoka. Tunajua tunavyopakua: mizigo kwanza, inapokelewa na aliye juu ya ngazi. Ukimpa chupa aliye juu huku mgonjwa bado yuko botini, umekwisha kuimimina kifuani. Mgonjwa atangulie, aliyeshika chupa amfuate ngazi moja au mbili chini yake, na mpira usivutwe. Kama hakuna njia ila chupa kupita juu kwa sekunde chache, nesi aliyepo ataubana kwa hizo sekunde na kuufungua papo hapo, kwa mkono wake na jicho lake likiwa kwa mgonjwa.

Kuna vifaa vinavyoondoa taabu hii. Kimoja ni valvu ya Heimlich, kidude kidogo chenye ulimi wa mpira ndani unaoruhusu hewa kutoka tu, kilichobuniwa na Mmarekani Henry Heimlich miaka ya 1960 na kikatumika sana kwa majeruhi wa vita vya Vietnam. Hakijali kama kimelala au kimesimama. Kwa maoni yangu kila kituo cha kisiwani kingekuwa navyo viwili vitatu kabatini, kabla ya vitu vingine vya bei kubwa tunavyopigiwa picha.

Ajali nazo hutokea hata kwenye wodi nzuri. Chupa ikivunjika au ikipinduka, ita nesi kwa sauti, na huku ukingoja, ncha ya mpira itumbukizwe katika chombo chochote chenye maji safi, sentimita mbili tatu ndani, kikiwa chini ya kifua. Chupa ya maji ya kunywa iliyo hapo mezani yatosha. Mpira ukichomoka ubavuni, usijaribu kuurudisha. Funika tundu kwa shashi au kitambaa safi, piga plasta pande tatu na upande wa nne uachwe, ili upepo ukitaka kutoka utoke, na mwenzako akimbilie nesi. Ukigusa ngozi ya kifua au shingo ikawa inavunjikavunjika chini ya vidole kama mchanga mkavu, ni hewa imeingia chini ya ngozi. Mara nyingi si ya kutisha, lakini ikipanda shingoni na usoni, au sauti ikibadilika, sema upesi.

Maumivu nayataja peke yake kwa sababu wanaume wetu huona haya kulalamika. Mpira uliopita baina ya mbavu unauma. Asiyepewa dawa ya maumivu anapumua juu juu, hakohoi, makohozi yanakaa, na siku ya tatu ana nimonia juu ya aliyokuwa nayo. Kwa hiyo kumwombea dawa ya maumivu si kumdekeza. Akishatulia, mkalishe ameinuka, akumbatie mto upande wenye mpira, avute pumzi ndefu, aishikilie kidogo, aitoe, akohoe. Mara kumi hivi kila saa akiwa macho. Katika wodi nyingi hupewa puto au glavu apulize, na watu hucheka kumwona mzee mwenye ndevu nyeupe anapuliza puto. Wacheke tu. Akiruhusiwa kutembea, atembee, chupa ameishika mwenyewe chini ya kiuno au umeishika wewe. Asilalie upande mmoja kutwa, na bega la upande wa mpira alizungushe lisikakamae.

Usimchue kifua kwa mafuta. Usifukize udi wala ubani karibu naye. Sigara hata asiione. Mletee samaki, mayai, maharagwe, maziwa, kwa sababu yale maji na usaha vinavyotoka vinaondoka na lishe ya mwili.

Sala ndiyo suala ninaloulizwa kuliko yote, na halimo katika kitabu chochote cha uuguzi nilichosoma. Mgonjwa akisujudu sakafuni, kifua chake kinakaribiana na chupa kwa urefu, na mpira unakunjika. Kwa upande wangu wa tiba ninasema asiiname hivyo: asali ameketi, kwa ishara ya kichwa, chupa ikiwa sakafuni. Ruhusa ya mgonjwa kusali ameketi au amelala haina ubishi. Pale kwenye plasta pasiguswe na maji ya udhu. Na kuhusu ile damu au usaha unaotoka wakati wote, wapo wagonjwa walioacha sala wiki nzima wakiona wamo katika najisi. Mwulizeni sheikh wenu, mtaambiwa habari za mwenye udhuru, na mgonjwa atapata utulivu ambao mimi na sindano zangu siwezi kumpa.

Siku ya kutolewa mpira huja pale picha inapoonyesha pafu limejaa, mapovu yamekwisha, na kinachotoka kimekuwa kidogo, kwa madaktari wengi chini ya mililita 200 kwa siku nzima. Mgonjwa huambiwa avute pumzi, aizuie kama anayejikaza, mpira unachomolewa kwa haraka na uzi unakazwa. Ni kazi ya sekunde chache, lakini ayafanyie mazoezi na nesi kabla, asije akashtuka akavuta hewa wakati tundu liko wazi. Baadaye hupigwa picha nyingine. Saa zile za kwanza akianza kuhema au kifua kuuma ghafla, msimwambie avumilie.

Nyumbani, kama chanzo kilikuwa kifua kikuu, mpira haukutibu kifua kikuu. Umetoa maji tu. Dawa zake ni za miezi sita kwa kawaida, hutolewa bure katika hospitali za serikali, na zinamezwa mpaka mwisho hata mtu akijiona mzima. Watu wa nyumbani mwake, watoto hasa, wapimwe.

Ndege asipande mpaka daktari aseme, maana juu hewa iliyobaki kifuani huvimba. Kwa aliyekuwa na upepo, ushauri wa kawaida ni angalau wiki moja baada ya picha kuonyesha pafu limejaa kabisa. Nalisema hili kwa sababu kuna jamaa hufanya mchango ili mgonjwa arudi kwa ndege hadi Manda asitaabike na basi, wakidhani wanamhurumia.

Na kuzamia. Aliyepata kupasuka pafu lenyewe bila ajali, kuzamia kwa mtungi wa hewa hakumfai tena maisha yake yote, isipokuwa awe amefanyiwa upasuaji maalumu na kuruhusiwa na daktari. Kwa kijana wa Kizingitini ambaye riziki yake iko chini ya maji, hilo ni neno zito kuambiwa, na ni afadhali aambiwe wodini kabla ya kurudi, nanyi nyumbani mumsaidie kupata kazi ya juu ya chombo. Anayezamia kwa pumzi yake tu kutafuta kamba, naye asirudi majini kabla ya kumwuliza daktari na kupigwa picha.

Yule kijana aliyenipigia, kesho yake asubuhi nilimwambia amtafute nesi wa zamu amweleze kwamba chupa ilinyanyuliwa, asifiche kwa kuogopa kugombezwa. Alisita kidogo, kisha akaenda. Nesi akabadilisha chupa, akamtazama mzee homa na pumzi, akaandika kwenye faili. Halafu akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene: "Chupa isinyanyuliwe." Wakaibandika ukutani juu ya kitanda.